Kriketi ni kesi ya kiwanja

Kumbukumbu ya kwanza ya uhakika inayoutaja mchezo wa kriketi haikuandikwa uwanjani. Iliandikwa mahakamani, katika kesi ya kiwanja. Januari 1598, kwa kalenda tunayoitumia leo, watu walikuwa wakigombea kipande cha ardhi mjini Guildford, katika jimbo la Surrey kusini mwa London. Akaitwa shahidi, John Derrick, mtu mzima wa miaka 59, akala kiapo kwamba anaijua ardhi ile tangu utotoni: alipokuwa mwanafunzi wa shule ya mji, yeye na wenzake walikuwa wakikimbia na kucheza “creckett” papo hapo. Ukirudisha hesabu nyuma unafika karibu mwaka 1550. Derrick hakutaja mabwana, klabu wala nguo nyeupe. Alitaja watoto wa shule na ardhi iliyokuwa wazi.

Naanza na kesi hiyo kwa sababu naamini historia nzima ya kriketi, kutoka Guildford hadi Kampala, inasomeka vizuri ukiiuliza swali lile lile la mahakama: kiwanja hiki ni cha nani? Tumezoea kuambiwa kwamba Waingereza waliusambaza mchezo huu duniani pamoja na reli, posta na Biblia. Kuubeba waliubeba, hilo halina ubishi. Lakini ukifuatilia nchi moja moja utaona kriketi iliota mizizi pale ambapo watu waliofungiwa nje waliingia kiwanjani wakakifanya chao. Pale mabwana walipobaki nayo wenyewe ilinyauka, hata kama mabwana hao walikuwa Waingereza kwa damu na kwa lugha.

Nilikulia karibu na uwanja wa klabu moja ya aina hiyo. Jumamosi mchana tulisikia mlio wa mpira ukigonga ubao, mlio mkavu kama wa kuni inayopasuliwa, na mara moja moja mpira uliruka uzio ukadondoka upande wetu. Tuliukimbilia. Ulikuwa mwekundu, mzito kuliko unavyoonekana, na mshono umetuna katikati kama kovu. Mlinzi alipitisha mkono kwenye uzio, tukampa mpira, akaondoka nao. Miaka yote ile hakuna aliyetuita ndani, na hakuna kati yetu aliyejua kwa nini wale watu walikuwa wakipiga makofi.

Basi turudi Uingereza kidogo, maana uzio ule ulianzia huko. Mwanzoni kriketi ilikuwa mchezo wa watoto na wanakijiji wa Kent, Sussex na Surrey, kwenye malisho ya kondoo ambako majani yalikuwa mafupi. Mwaka 1611 watu wawili wa Sidlesham, Sussex, walishtakiwa kwa kuucheza Jumapili badala ya kwenda kanisani. Karne ya 18 mabwana wenye ardhi wakaugundua, na kilichowavuta ni kamari. Sheria za kwanza zilizoandikwa zinazojulikana ni za mwaka 1744, na zilihitajika kwa sababu dau lilikuwa kubwa, na palipo na dau kubwa ugomvi haukosi. Urefu wa njia ya kukimbilia, kutoka vijiti vya upande huu hadi vya upande ule, uliwekwa yadi 22, yaani mita 20 na kidogo. Huo ni urefu wa mnyororo waliotumia wapima ardhi wa Kiingereza. Hata kipimo chake kimetoka kwa wapima viwanja!

Mwaka 1787 ikaundwa klabu ya Marylebone jijini London, ikawa ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya sheria. Kuanzia 1806 hadi 1962 ilikuwepo mechi maalumu kati ya “waungwana”, waliocheza bila mshahara, na “wachezaji”, waliolipwa. Ndani ya timu moja waungwana walitokea mlango wao na wanaolipwa mlango wao. Mlipwa wa kwanza kupewa unahodha wa kudumu wa Uingereza katika karne ya 20 alikuwa Len Hutton, na hilo lilisubiri hadi 1952. Mtu anayeshangaa kwa nini makoloni yalibaguliwa kwenye kriketi akumbuke kwamba mtindo huo ulikuwa umeshazoeleka nyumbani.

Sasa tazama Marekani, mfano ambao watetezi wa hadithi ya “Waingereza waliusambaza” huupita haraka. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya kriketi haikuwahusu Uingereza na Australia. Ilichezwa New York, Septemba 1844, kati ya Marekani na Kanada, na Kanada wakashinda kwa mikimbio 23, mikimbio ikiwa ndiyo alama za mchezo huu. Timu ya kwanza ya Waingereza kuvuka bahari kwenda kucheza, mwaka 1859, ilikwenda Amerika Kaskazini. Philadelphia ilikuwa na wachezaji wa kiwango cha juu kabisa. Bart King wa mji huo alimaliza msimu wa 1908 akiongoza wastani wa warushaji wote Uingereza. Na bado mchezo ulikufa. Ulibaki katika klabu za matajiri, zenye nyasi zilizonyolewa na wanachama waliochaguana, wakati besiboli ilichezwa popote palipo na uwazi. Tena mwaka 1909 likaundwa baraza la kimataifa likaitwa la kifalme, la nchi za himaya tu: Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Wamarekani hawakuwa na nafasi humo.

India ilikwenda njia nyingine. Mabaharia wa Kiingereza walionekana wakicheza Cambay, pwani ya Gujarat, mwaka 1721, na klabu ya Calcutta ilikuwepo kufikia 1792. Kwa miongo mingi ilikuwa burudani ya Wazungu wakitazamwa na wenyeji. Kilichobadilisha mambo ni Maparsi wa Bombay, jamii ya wafanyabiashara, walioanzisha klabu yao mwaka 1848 bila kualikwa na mtu. Walicheza kwenye uwanja wa wazi wa mji, na hapo hapo wakakutana na Wazungu wa Gymkhana ya Bombay, klabu yao ya michezo, ambao farasi wao wa polo waliichimba ardhi kwa kwato hadi mpira ukawa haudundi sawasawa. Wazungu walikuwa na uwanja wao wa kriketi, uliozuiwa kwa wenyeji. Polo walikuja kuichezea kwenye ardhi ya wengine. Maparsi wakaandika maombi kwa serikali, wakajibiwa, wakanyimwa, wakaandika tena. Ni kesi ya Guildford imehamia Bombay. Na mwaka 1890 Maparsi hao hao wakaifunga timu ya Waingereza iliyokuja kutembea, ikiongozwa na G. F. Vernon.

Lakini mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii ni Palwankar Baloo. Alizaliwa katika tabaka lililoitwa “wasioguswa”, na kazi yake katika klabu ya Wazungu mjini Poona ilikuwa kutunza uwanja: kuviringisha ardhi, kufunga nyavu, kuchora mistari. Wazungu walitaka mtu wa kuwarushia mipira ya mazoezi, wakampa yeye. Akarusha kila siku, saa baada ya saa, kwa mkono wa kushoto, hadi akawa mrushaji bora wa India nzima. Timu ya Wahindu ilipomwita, ilimwita kwa sababu haikuweza kushinda bila yeye. Uwanjani waligusa mpira ule ule alioushika. Wakati wa mapumziko aliletewa chai nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa. Mwaka 1911 alikwenda Uingereza na timu ya kwanza ya India nzima akachukua zaidi ya wiketi 100, yaani aliwatoa wapigaji mara zaidi ya 100. Unahodha wa timu ya Wahindu hakupewa maisha yake yote. Aliyekuja kuupata, mwaka 1923, ni mdogo wake Vithal. Ukiuliza ni nani aliyeifanya kriketi kuwa ya Wahindi, mimi nitamtaja mfagiaji huyu wa uwanja kabla ya mwanamfalme Ranjitsinhji aliyeichezea Uingereza.

Visiwa vya Karibi vinasimulia jambo hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Wajukuu wa watumwa waliruhusiwa kurusha mipira ya kasi na kupiga mikimbio kwa mamia, lakini unahodha wa timu ya West Indies ulikuwa wa mtu mweupe. George Headley, mpigaji mkubwa kuliko wote wa zama zake visiwani humo, aliongoza mechi moja tu, mwaka 1948. Frank Worrell wa Barbados alipopewa timu kwa ziara ya Australia ya 1960 hadi 1961, akawa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza kwa msururu mzima wa mechi. Mechi ya kwanza ya msururu ule, mjini Brisbane, ilimalizika sare ya alama kamili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika mechi za Testi, zile za siku nyingi. Kuanzia hapo West Indies ilipanda, na toka 1980 hadi 1995 haikupoteza msururu hata mmoja wa Testi.

Kwetu Afrika Mashariki mchezo uliingia kwa milango miwili, na yote miwili ilikuwa na bawabu. Mlango wa kwanza ni wa Wazungu: Nairobi kulikuwa na mechi ya maofisa wa serikali dhidi ya walowezi, kana kwamba nchi haina watu wengine. Mlango wa pili ni wa jamii za Kihindi zilizokuja na kukua baada ya reli. Kila jamii ikawa na klabu yake na kiwanja chake: Sir Ali Muslim, Sikh Union, Aga Khan, Suleman Verjee ambayo leo ni Nairobi Gymkhana. Nisieleweke vibaya. Bila klabu hizo Kenya isingekuwa na kriketi kabisa. Ndizo zilizonunua mashine za kusawazisha uwanja na kuutunza mchezo kizazi hadi kizazi. Lakini zilijengwa kwa msingi wa dini na asili, na mtoto wa Kiafrika wa mtaa wa jirani alizijua kwa nje, kama mimi nilivyoijua ile yangu.

Ndiyo maana Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Uingereza 1975, lilipotualika, timu ya Afrika Mashariki, ya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa pamoja, ilitawaliwa na wachezaji wenye asili ya Asia, chini ya nahodha Harilal Shah. Alikuwemo John Nagenda wa Uganda, mwandishi, lakini Waafrika wenzake humo walihesabika bila kumaliza vidole. Walipoteza mechi zote tatu, ile ya Uingereza kwa mikimbio 196.

Kisha likatokea jambo lililonifanya niipende kriketi. Vijana wa Kiafrika wa mitaa ya kawaida ya Nairobi waliingia katika klabu zile na kuanza kucheza bega kwa bega na wachezaji wa asili ya Asia, kina Shah na Modi. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya walipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies, mabingwa mara mbili wa dunia. Mtu mwenye akili angesema mechi imekwisha. Brian Lara, mpigaji wao hatari, akaingia, akapiga mpira wa Rajab Ali pembeni kidogo, ukatua kwa mlinda wiketi Tariq Iqbal. West Indies wote wakatoka kwa mikimbio 93. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15.

Mwaka 2003 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, nchi pekee isiyo na hadhi ya Testi kuwahi kufika huko. Wapo wanaosema walibebwa kwa sababu New Zealand waligoma kuja Nairobi wakihofia usalama, na Kenya wakapewa pointi za mechi hiyo. Pointi zile ziliwasaidia, kweli. Lakini Sri Lanka walikuja Nairobi wakafungwa kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi tano, na Bangladesh na Zimbabwe wakafungwa Afrika Kusini.

Na kuna siku moja ya mashindano yale ambayo kila mtoto wa pwani angepaswa kuijua. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa ameshastaafu tangu 1999. Akaombwa arudi, na miaka 39 mgongoni. Machi 15, mjini Durban, alipewa mpira dhidi ya Australia, timu ambayo katika mashindano yale haikupoteza mechi hata moja. Karim hakuwa na kasi. Alirusha polepole, kwa mkono wa kushoto, kila mpira ukianguka karibu pale pale ulipoanguka uliotangulia, na wapigaji bora duniani wakawa wanausukuma chini tu kama watu wanaojaribu kuzima mshumaa. Akamtoa Ponting. Akamtoa Lehmann. Akamtoa Hogg. Alirusha mipira 50 na mikimbio iliyopatikana humo ilikuwa 7. Katika ova zake nane kamili (ova moja ni mipira sita), sita hazikutoa mkimbio hata mmoja. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim.

Swali ni kwa nini, miaka kumi na moja baadaye, Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Wengi hutaja rushwa na ugomvi wa viongozi. Odumbe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kupokea fedha za wacheza kamari, wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo, chama kikavunjwa kikaundwa kingine. Wengine hulaumu mataifa makubwa, ambayo baada ya 2003 yaliacha karibu kabisa kuja kucheza nasi, na lawama hiyo naikubali. Ila mimi natazama majina ya timu ile: Steve Tikolo, aliyefuata nyayo za kaka zake Tom na David. Maurice Odumbe na kaka yake Edward. Martin Suji na Tony Suji. Kennedy, David na Collins, wote watoto wa Obuya. Familia nne! Timu ya taifa la watu zaidi ya milioni 30 ilisimama juu ya familia nne, kwa sababu hao ndio waliobahatika kuufikia uwanja. Mechi kubwa zote za Nairobi zilichezwa katika viwanja vya klabu au vya kampuni. Fedha na sifa za 2003 hazikujenga uwanja wa umma ambao mtoto anaingia bila kadi ya uanachama. Familia zile zilipozeeka, hakukuwa na foleni nyuma yao.

Linganisha na Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na kwa hesabu ya kawaida kriketi ingepaswa kuondoka nao. Haikuondoka, kwa kuwa ilikuwa imeshaingia katika shule kama Busoga College Mwiri, King's College Budo na Namilyango. Uwanja wa shule hauna bawabu wa aina ile. Mwanafunzi akifika kidato cha kwanza anaukuta upo. Novemba 2023, mjini Windhoek, Waganda waliifunga Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la ova 20. Juni 2024, huko Providence, Guyana, waliifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Mtu huyu alianza kuvaa jezi ya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1997. Siku tatu baada ya ushindi ule, kwenye uwanja huo huo, wapigaji wote wa Uganda walitolewa na West Indies wakiwa na mikimbio 39 tu. Kipigo hicho kilikuwa kikali na kiliuma, lakini unapigwa hivyo ukiwa umeshaingia uwanjani.

Rwanda inanipa ushahidi mzito zaidi, maana huko Mwingereza hakutawala kabisa. Walioupeleka mchezo ni Wanyarwanda waliorudi nyumbani baada ya 1994 wakitokea uhamishoni, Uganda na Kenya, na waliucheza Kicukiro, mahali palipomwagika damu nyingi katika mauaji ya kimbari. Mwaka 2016 Eric Dusingizimana alisimama kwenye nyavu akipiga mipira kwa saa 51 mfululizo ili kuchangisha fedha za uwanja, na mwaka uliofuata uwanja wa Gahanga ukafunguliwa Kigali. Januari 2023 wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliifunga West Indies katika Kombe la Dunia. Waafghani nao waliujifunza katika kambi za wakimbizi karibu na Peshawar, wakapewa hadhi ya Testi mwaka 2017. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza.

Wakati huo huo hati ya kiwanja imebadilisha mikono. Makao ya baraza la kimataifa yalihama London kwenda Dubai mwaka 2005, na mwenye nguvu leo ni India. Haki za kuonyesha ligi yake kuu kwa miaka ya 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni sita, na katika mgawo wa mapato ya baraza India inachukua zaidi ya theluthi. Wajukuu wa waliozuiwa na Gymkhana ya Bombay sasa ndio wanaoshika funguo. Nilitarajia watu wenye kumbukumbu kama hiyo wafungue lango kwa upana zaidi, na inanihuzunisha kuona ratiba zinapangwa ili matajiri watatu, India, Australia na Uingereza, wachezane wao kwa wao.

Kombe la Dunia la ova 50 linarudi Afrika mwaka 2027, kwa mara ya kwanza tangu 2003, mwaka ambao Nairobi ilikuwa mmoja wa wenyeji. Safari hii wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Namibia hiyo, katika Kombe lile la 2003, ilicheza mechi sita ikapoteza zote sita.